Kumfanyia na Kumfanyisha: Kazi ya Mkono wa Mtoto ni ya Nani?

Katika kuta za madarasa ya chekechea huonekana mara nyingi jambo la kustaajabisha. Watoto 50 wa miaka minne au mitano wamepaka rangi maua 50, na maua yote yamefanana kama sarafu. Hakuna ua lililopinda, hakuna rangi iliyovuka mstari. Mgeni husifu, mkuu wa shule hufurahi, naye mwalimu hushukuru kwa adabu. Lakini sisi tuliopata kukaa na watoto wadogo twajua kwamba vidole vya miaka minne havifanyi kazi ya namna hiyo. Mkono mwingine umepita hapo, aghalabu jioni, watoto wakiwa wamekwisha kwenda makwao. Makala haya yanauhusu mkono huo mwingine. Twataka kuuliza ulikuwa na haki gani ya kupita, hasa pale ambapo mtoto mwenyewe ni yule ambaye mkono wake haumtii.

Huenda baadhi ya wasomaji wetu wakasema kwamba haya ni mambo ya walimu wa chekechea, na kwamba jarida la walimu wa Kiswahili lina kazi nyingine. Hatukubaliani nao. Hapa Cyanzarwe, katika wilaya ya Rubavu, ambako twafundisha, Kiswahili huingia katika ratiba mtoto afikapo shule ya sekondari, ijapokuwa sokoni na mpakani Goma amekwisha kukisikia tangu akibebwa mgongoni. Wanafunzi tuwapatao wamekwisha kufinyangwa na wengine. Akija mwanafunzi asiyethubutu kuandika sentensi mpaka aione kwanza ya jirani yake, twamlaumu kwa uvivu, na kumbe huenda mazoea hayo aliyapata zamani, siku ile ua lake lilipopakwa rangi na mtu mwingine. Zaidi ya hayo, swali lenyewe limo katika sarufi tunayoifundisha kila wiki.

Kitenzi "fanya" chaweza kuongezwa kiambishi kikawa "fanyia", na chaweza kuongezwa kingine kikawa "fanyisha". Kinyarwanda nacho kina mambo hayo hayo: gukora, gukorera, gukoresha. Kwa hiyo mwanafunzi wa Rwanda haoni taabu kuielewa kauli ya kutendea wala kauli ya kutendesha. Taabu ni kuzipima. Kauli ya kutendea imejaa hisani. Twampikia mgeni, twamwombea mgonjwa, twamchotea maji mzee asiyeweza tena kushuka mtoni. Kauli ya kutendesha ina harufu ya amri. Msikilize mwalimu akieleza habari za mtoto mwenye shida: atasema, "Nilimfanyia kidogo." Hatasema, "Nilimfanyisha," kwa kuwa neno hilo lasikika kinywani kama la nyapara shambani.

Walakini kuna vitenzi visivyoivumilia hisani hii. "Kula" ni kimojawapo. Mtu akikulia chakula chako hakukusaidia. Amekudhulumu, na lugha yenyewe yatoa hukumu hiyo bila ya kumwita kadhi. Hakuna awezaye kula kwa niaba ya mwenziwe na yule mwenziwe akashiba. Basi kujifunza kumo katika kundi la kupika, au katika kundi la kula? Mwalimu adhaniaye kwamba kumo katika kundi la kupika ataimaliza kazi ya mtoto kwa moyo mweupe, ampelekee ikiwa tayari, kama sahani ya wali. Sisi twaona kwamba kumo katika kundi la kula, na kwamba ua lililopakwa rangi jioni ni chakula alichokila mwalimu.

Tusemapo hivyo hatusahau jinsi watoto wa huku walivyo. Mikono yao haikungoja shule. Ardhi yetu ni ya volkano, mawe meusi yamezagaa mashambani na watu huyapanga yakawa nyua. Mtoto wa miaka mitano amekwisha kuyabeba, amekwisha kuokota viazi nyuma ya jembe la mama yake na kuchambua maharage jioni. Mipira yao huifunga wenyewe kwa majani makavu ya migomba na matambara. Mpira wa kwanza wa mtoto hauwi mviringo kamwe. Akiupiga huenda upande, wenzake humcheka, naye huufungua na kuufunga tena. Hakuna mtu mzima amwitaye kando kumwonyesha kosa. Mpira ndio umwonyeshao. Katika mwaka mmoja mtoto huyo hufunga mpira unaofaa kuchezewa, na hakuna awezaye kudai kwamba alimfungia.

Mtoto huyo huyo akiingia darasani hugeuka mtu mwingine. Kila kitu sasa chamngoja mwalimu: aseme ni kizuri, aseme ni kibaya, akishike akinyoshe. Twashawishika kuamini kwamba tofauti kubwa iko katika vitu vyenyewe. Mpira waweza kusema. Karatasi ya ua haisemi, kwa maana rangi ikivuka mstari karatasi hainung'uniki. Mwenye kunung'unika ni mwalimu peke yake.

Katika darasa moja la awali tulilopata kulitembelea, watoto walikuwa wakitunga vifuniko vya chupa za maji katika uzi. Vifuniko vilikuwa vimetobolewa kwa msumari wa moto, na kila mtoto alitakiwa kutunga 20 huku akihesabu. Alikuwamo msichana mdogo ambaye mkono wake wa kulia umekakamaa tangu kuzaliwa. Mwalimu wake, mwanamke mwema na mwenye bidii, alimwona akihangaika na kifuniko cha kwanza. Akaketi karibu naye, akamtungia vyote 20 kwa muda usiozidi dakika 2, akamvisha shingoni. Wenzake wakampigia makofi. Msichana alitabasamu. Kisha akageuka kutazama dirishani, na tangu hapo hakugusa kitu mpaka kengele ilipolia. Hatuwezi kusema alikuwa mvivu, kwani hakuwa na la kufanya. Kazi yake ilikuwa imekwisha.

Sisi walimu wa lugha hatuwezi kulitazama jambo hili bila ya kulikumbuka neno lenyewe. Kutunga ushanga na kutunga shairi ni kitenzi kimoja. Mtu akipeleka shairi kwa mhariri, kisha ikagunduliwa kwamba beti zote ziliandikwa na mjomba wake, hatumwiti mtungaji, hata kama karatasi ina jina lake. Kwa nini basi tumwite mtoto mtungaji wa ushanga ambao hakuutunga? Na kama hatumwiti hivyo, makofi yale yalikuwa ya nani?

Baadaye mwalimu yule yule alijaribu njia nyingine, nasi twamsifu kwa hiyo. Aliuacha uzi. Alichukua donge la udongo wa mfinyanzi, akalikandamiza juu ya meza, akasimika ndani yake kijiti kilichonyoka. Vifuniko akavitia katika sahani pana upande wa kushoto wa mtoto. Sasa msichana alihitaji mkono mmoja tu: kuchukua kifuniko, kutafuta tundu, kukiachia kishuke kijitini. Vingi vilianguka sakafuni. Wenzake walipokuwa wamemaliza 20, yeye alikuwa na 7, na alizihesabu kwa sauti kubwa kupita wote. Yafaa tuangalie vema ni nini kilichobadilishwa hapo. Mara ya kwanza mwalimu alibadili mtendaji, kazi ikabaki ile ile. Mara ya pili alibadili kazi, mtendaji akabaki yule yule. Hilo ndilo tunalolielewa kuwa kumfanyisha, wala halina unyapara ndani yake.

Njia hii si mpya, tena haikuanzia kwa watoto wasio na shida. Daktari Itard wa Ufaransa alipochapisha mwaka 1801 habari za mvulana aliyeokotwa msituni Aveyron, alieleza jinsi alivyojaribu kumfikia kwa vitu vya kushika na kupapasa, kwa sababu maneno hayakumfikia. Mwanafunzi wake, Séguin, aliendeleza vifaa hivyo kwa watoto ambao watu wa zama zile waliwaita mapunguani. Karibu miaka 100 baadaye Maria Montessori, daktari wa Kiitaliano, alivitafsiri vitabu vya watu hawa wawili na kuvinakili kwa mkono wake mwenyewe, ili apate nafasi ya kulipima kila neno. Aliwafundisha kwa njia hiyo watoto wa Roma waliohesabiwa kuwa hawafundishiki, na baadhi yao wakafaulu mtihani pamoja na watoto wa shule za kawaida. Watu walipomsifu, yeye alijiuliza swali jingine: watoto wenye afya njema wanazuiwa na nini, hata wafikie kiwango kile kile tu? Mwaka 1907 akafungua nyumba ya watoto katika mtaa wa maskini wa San Lorenzo. Humo mlikuwamo vipande vya mti vya unene mbalimbali na gogo lenye matundu, kila tundu likikubali kipande kimoja tu. Mtoto akikosea, kipande cha mwisho hakipati pa kukaa, naye hujua mwenyewe. Ni mpira wa majani ya migomba, umefanywa na seremala.

Kwa hiyo twaweza kusema kwamba kifaa chema ni kile kimwondoleacho mwalimu shauri la kuwa hakimu. Maboksi yenye matundu ambamo punje ya mahindi hupita na ya haragwe kubwa hukwama. Chupa na vifuniko vyake vya ukubwa tofauti. Mbao za igisoro, zenye matundu 32 na kete 64, ambamo mtoto akigawa vibaya mwenzake humkamata pale pale. Hivyo vyote vinapatikana hapa bila ya fedha nyingi. Lakini tusijidanganye kwamba vifaa vitamaliza swali letu. Mtoto asiyeona hatayaona matundu, na yule ambaye vidole vyake vinatetemeka hatafikisha punje. Hapo mwalimu hana budi kutia mkono wake. Autie vipi?

Wazee wetu wa pwani husema samaki mkunje angali mbichi. Wanyarwanda husema, igiti kigororwa kikiri gito, yaani mti hunyoshwa ukiwa mchanga. Twaziheshimu methali hizi, na kwa mambo ya tabia zina busara yake. Lakini katika zote mbili anayelelewa hafanyi lolote. Samaki hukunjwa, mti hunyoshwa. Kuna methali nyingine ya Kinyarwanda tunayoiona kuwa karibu zaidi na darasa: umwana apfira mu iterura, mtoto huharibikia katika kunyanyuliwa. Jinsi ulivyomshika mara ya kwanza ndivyo mambo yatakavyomwendea.

Walimu wa watoto wasioona wanalo zoezi dogo ambalo twapenda kila mwalimu alijue. Kwa kawaida mtu mzima amwongozaye mtoto huweka mkono wake juu ya mkono wa mtoto, akausukuma. Mkono wa mtoto hapo ni kama kalamu: waenda upelekwako, na ukitaka kutoka hauwezi. Wao hufanya kinyume. Mwalimu huweka mkono wake chini, mtoto akaweka wake juu, akasikia kwa viganja jinsi mkono wa mwalimu unavyofungua mfuniko au kukanda udongo. Mtoto akichoka, au akiogopa, au akitaka kujaribu peke yake, anauondoa tu. Tofauti kati ya juu na chini ni ya sentimita chache, lakini kwa maoni yetu imebeba theluthi mbili za maadili ya kazi hii. Mkono ulio chini waonyesha njia, wala haumnyang'anyi mtoto ruhusa ya kukataa. Naye Anne Sullivan, aliyemfundisha Helen Keller huko Alabama mwaka 1887, alimwandikia herufi kiganjani kwa vidole na kumwachia yeye kazi ya kugundua kwamba maji yaliyokuwa yakimwagika yana jina.

Pengine msomaji atasema kwamba twazungumza juu ya mikono kana kwamba kila mtu anayo. Karibu nasi hapa mjini Gisenyi yuko mtu ambaye habari zake zimekwisha chapishwa katika kitabu mwaka 2014, kwa hiyo si siri. Frederick Ndabaramiye alikuwa na umri wa miaka 15 mwaka 1998, alipotekwa na watu wenye silaha akisafiri katika basi huku kaskazini-magharibi. Walimtaka awaue abiria wenzake, akakataa, wakamkata mikono. Alilelewa katika kituo cha yatima cha Imbabazi, kilichoanzishwa na Rosamond Carr mwaka 1994, na huko akajifunza kupaka rangi kwa kuishika brashi baina ya vigutu vyake viwili. Leo ni mchoraji, tena ni mmoja wa waanzilishi wa kituo cha Ubumwe, ambako watu wenye ulemavu hufundishwa, na watoto wenye ulemavu na wasio nao husoma pamoja. Hatumtaji ili kuwatia watu huruma, wala ili kumwambia mtoto mwenye shida, "Tazama, mwenzako ameweza." Maneno hayo ni kipigo kilichofunikwa kwa sifa. Twamtaja kwa sababu moja. Wapo wengi ambao wangemchorea kwa furaha picha yoyote aliyoitaka. Lau angewakubalia, angekuwa na picha nyingi nzuri ukutani, na tusingekuwa na mchoraji.

Jambo hili lina upande wake katika lugha pia. Kiswahili kina maneno kama "kipofu", "kiziwi" na "kilema", yaliyovaa kiambishi cha vitu, na wengi siku hizi huyakimbilia maneno mengine, kama Wanyarwanda walivyoliacha "ikimuga" na kusema "umuntu ufite ubumuga". Wana haki. Lakini walimu wa sarufi tunaona jambo wasiloliona wengi: kitenzi cha Kiswahili hakikulifuata umbo la neno. Twasema kipofu amefika, wala hatusemi kimefika. Wanafunzi wetu hulikosea hili mara kwa mara, kwa kuwa Kinyarwanda huufuata upatanisho wa ngeli. Tunaposahihisha kosa hilo twaweza kuwaambia kwamba jina laweza kumvunjia mtu heshima, lakini kitenzi kimemrudishia. Kimemhesabu kuwa ni mtendaji.

Tumefika sasa kwenye pingamizi lililo gumu kuliko yote, nalo ni saa. Walimu wa chekechea wakitusikiliza hutikisa kichwa na kuuliza: tuna watoto 50 na dakika 60, tufanye nini? Hesabu yao ni ya kweli. Kila mtoto ana dakika moja na sekunde 12. Msichana wa kijiti akipewa dakika 10, wale 49 wamebaki na chini kidogo ya dakika moja na sekunde 2 kila mmoja. Ni haki hiyo? Kuna mzazi atakayesema kwamba mwanawe ameibiwa sekunde 10 kwa ajili ya mtoto ambaye, kwa maoni yake, hatafika mbali.

Jibu rahisi ni la sheria. Rwanda iliridhia mwaka 2008 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, na mtaala unaotazama uwezo wa mwanafunzi umekuwa ukitumika tangu 2016. Lakini sheria humfungulia mtoto mlango wa darasa. Haimgawii mwalimu dakika. Jibu la pili ni la mama. Mwenye watoto watano na mmoja ana homa, usiku huo hukesha na mmoja, na wale wanne hawamshitaki. Jibu hili twalipenda, ila lina upungufu: homa hupona. Mkono uliokakamaa hautapona kesho, na mama hawezi kukesha miaka 12.

Sisi twadhani kwamba hesabu ile ya dakika ina kosa mahali pengine. Imechukulia kwamba mtoto hujifunza tu katika ile dakika mwalimu anapomtazama. Ikiwa ndivyo, basi darasa lote limeshindwa, si msichana peke yake. Mtoto mwenye sahani ya punje na boksi lenye matundu anafanya kazi dakika 60 zote. Kwa hiyo mwalimu aliyewapa watoto 49 kazi isiyomhitaji amepata saa ya kumpa yule mmoja, na hakumwibia mtu. Wenye kukosa saa ni wale wanaozunguka darasani wakimaliza maua ya watu 50. Twajua maneno haya ni makali. Twajua pia kwamba kuna siku ambapo watoto watatu wanalia, mvua inapiga bati hakuna kusikilizana, na mwalimu anamfungia mtoto kamba ya kiatu bila ya kufikiri maadili yoyote. Na afunge. Hatuzungumzi juu ya siku hiyo. Twazungumza juu ya mazoea.

Kuna hatari nyingine upande wetu wenyewe, nayo hatutaki kuificha. Mtu aweza kuyachukua maneno yetu, akamwacha mtoto ahangaike saa nzima na tundu asiloweza kulipata, kisha akasema amemheshimu. Hiyo si heshima. Kumwachia mtoto kazi ambayo hukuitengeneza ili aiweze ni kumtelekeza, hata kama umeketi naye meza moja. Ile methali ya kidole kimoja hakivunji chawa inafaa hapa: ikiwa mtoto ana kidole kimoja, ama umpe chawa wa namna nyingine, ama umpe kidole cha pili, lakini usimwambie kwamba atavumbua mwenyewe.

Na hatari ya tatu ndiyo itutiayo hofu zaidi. Katika bara letu kazi ya mikono imewahi kutumiwa kuwa ukuta. Tume ya Phelps-Stokes ilipozuru Afrika ya Mashariki mwaka 1924, ilisisitiza elimu iliyolingana na mazingira ya Mwafrika, yaani kilimo, afya na ufundi. Na wazee wengi waliielewa hivi: jembe kwa mtoto wako, kitabu kwa mtoto wa bwana. Mwalimu Nyerere alipoandika juu ya Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alitaka kuirudishia kazi ya mikono heshima yake kwa kuwataka wanafunzi wote waifanye, si wale walioshindwa mtihani peke yao. Leo ukuta ule umehamia kwa mtoto mwenye ulemavu. Husikika watu wema kabisa wakisema: huyu masomo hayamfai, afundishwe kusuka vikapu. Akisuka, asuke, kusuka ni ustadi mkubwa, na mwenye kudharau agaseke, kikapu kile cha Kinyarwanda, ajaribu kusuka kimoja. Lakini vifuniko vile 7 vilikuwa hesabu. Herufi ya karatasi ya msasa ambayo mtoto huipapasa kwa kidole ni herufi. Mkono ukifanywa njia ya kukiendea kitabu ni elimu. Ukifanywa badala ya kitabu, tumemfungia mtu nje huku tukimpigia makofi.

Turudi kwenye ukuta wa darasa, maana huko ndiko wazazi huonana na ukweli. Tuseme mwalimu amekubaliana nasi, akayatundika maua kama yalivyotoka mikononi mwa watoto. Siku ya wazazi anafika baba mmoja kutoka kilimani, amevaa koti lake la Jumapili. Anayatazama maua mpaka analiona la mwanawe: doa jekundu, mstari uliokatika, upande mmoja mweupe. Maua ya jirani yamejaa. Tutamwambia nini baba huyu? Hakusoma makala haya. Yeye anaona kwamba shule imemwanika mwanawe mbele ya kijiji. Hapo twamwelewa yule mwalimu wa jioni, kwani mkono wake ulikuwa ukiificha aibu ya mtu mwingine.

Lakini aibu hiyo ilitoka wapi? Haikutoka katika doa jekundu. Ilitoka katika kupanga maua 50 safu moja, kana kwamba ni mashindano. Mwalimu angeweza kutundika kazi tatu za mtoto mmoja, ya Septemba, ya Januari na ya Mei, moja chini ya nyingine. Baba angeona doa, kisha doa lenye ncha, kisha kitu chenye majani mawili. Hapo mtoto analinganishwa na mtoto yule yule. Twaambiwa kwamba nafasi ya ukuta haitoshi. Basi zitundikwe za watoto 10 kila mwezi, na wengine wangoje zamu yao. Watoto wa chekechea wanajua kungoja zamu kuliko wakaguzi.

Liko jambo dogo la daftari ambalo bado latushughulisha. Mwalimu mmoja wa awali, tuliyekuwa tukizungumza naye mambo haya, aliigawa kurasa ya daftari lake safu tatu, akaandika juu yake: alifanya, tulifanya naye, nilimfanyia. Kila jioni hutia alama mbele ya majina machache. Mwezi wa kwanza safu ya tatu ilijaa kuliko nyingine zote, hata akataka kulitupa daftari lile. Tulimwomba asilitupe. Safu hiyo sasa imepungua, na ya kwanza inaongezeka polepole. Inayotusumbua ni ya katikati. Jioni moja alituuliza, na hatukuwa na jibu: mikono miwili ikishika kijiti kimoja, wake chini na wa mtoto juu, na kifuniko kikashuka vizuri, mtu atajuaje ni mkono upi uliokiongoza?